Koti Upande wa Pili

Kindi hana haja ya kukimbia.
Anazunguka tu.
Ukija mashariki, yeye yuko magharibi,
shina la mhikori katikati yenu kama ukuta wa jirani,
nawe unabaki kukodolea magamba ya mti
na ncha ya mkia inayopepea,
halafu hata hiyo haipo.

Ndiyo maana huwindwa na wawili.
Mmoja huketi, bunduki mapajani, kinywa kimefungwa.
Wa pili huuzunguka mti akivuruga majani makavu makusudi,
akivunja vijiti, akikohoa,
na kindi, katika kumkwepa mwenye kelele,
hujileta mwenyewe kwa aliyenyamaza.

Baba alikuwa wa kelele.
Kukohoa hakukumgharimu juhudi.
Miaka thelathini na mmoja chini ya mlima huu huu wa Kentucky
aliyachimba makaa kwa magoti,
na makaa yakamchimba.

Oktoba hakuingoja kwenye kalenda.
Alilisikiliza bati la banda la kuni:
njugu za mhikori zikianza kudondoka usiku, ta, ta-ta,
alinigongea ukuta. "Verlene, wameanza kula."
Alfajiri tulikuwa tayari mlimani,
yeye akisimama kila baada ya hatua kumi
kana kwamba anakagua mialoni,
mimi nikijifanya naamini.

Mwaka huu nimepanda peke yangu.
Majani yamefika vifundoni, mekundu, ya shaba, ya rangi ya chai,
na chini yake udongo umeanza kuganda.
Juu ya jiwe nikakuta maganda mabichi,
alama za meno bado zimelowa.
Nikaketi. Nikasikia vipande vikinyesha kutoka juu,
rasharasha ya mtu mdogo anayekula kwa pupa.
Nikainua kichwa.
Akaniona.
Akazunguka.

Basi nikalitoa koti la Baba kwenye mkoba,
lile la turubai, kiwiko kikiwa na kiraka
ambacho Mama alikishona kwa uzi wa mshipi wa samaki,
nikalitundika kichakani upande wa pili,
nikafunga kamba kwenye mkono wake,
nikarudi nikiilaza kamba chini ya majani hadi nilipoketi.
Ni hila ya zamani, ya wajane na wasio na ndugu.
Alinifundisha mwenyewe,
jikoni, mwezi wa Machi, mpira wa oksijeni puani,
kwa sauti ya mtu anayekueleza jinsi ya kuwasha jiko bovu:
"Vuta kidogo. Usivute kama unakamua ng'ombe."

Nikavuta kidogo.
Mkono wa koti ukainuka.
Na kindi, ambaye mwewe hamwezi,
ambaye hukumbuka alikofukia kila njugu au angalau nusu yake,
alilitazama koti,
akaamini,
akaja upande wangu mashavu yamejaa.

Nilipiga. Sitasema sikupiga.
Alianguka kwa uzito wa soksi iliyolowa.
Jioni Mama atamchovya kwenye unga na pilipili manga,
atamkaanga, atapika mchuzi mweupe wa maziwa,
tutakula bila kuzungumza sana
tukitema marisau kwenye ukingo wa sahani, ti,
na sahani zitakuwa mbili.

Harufu ya baruti iliondoka taratibu.
Kigogota akarudia kazi yake.
Ilinipasa niinuke, nilikunje koti,
niteremke kabla miguu haijafa ganzi;
ng'ambo ya bonde lori la Mzee Dillard lilikuwa linakwama kwenye gia,
saa tatu hiyo, na mimi nina zamu saa tano.

Bunduki nimeifungua, matundu yote mawili hayana kitu.
Kindi yuko mfukoni, bado ana joto.
Mtini hakuna mwingine.
Kamba nimeishika.

Nikavuta kidogo.